Mkaja Ulioonwa Kabla ya Siku Yake

Kwa miaka yote aliyosimama nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa pale Korogwe, Sushila hakuwahi kumwambia mtu kile ambacho mtu mwingine alinunua. Siku hizi nikilisema jambo hili mbele ya vijana wananitazama kana kwamba nimemsifu mwanamke kwa kuvaa viatu. Hawajui kwamba zamani kulikuwa na watu waliojengewa heshima na yale waliyoyanyamazia. Sasa kila mtu anasema, na asiyesema anaonekana hana kitu.

Aliletwa Korogwe kwa treni kutoka Tanga, bibi harusi wa Dilip, akiwa hajui Kiswahili zaidi ya kuita mtu na kumfukuza mbuzi. Lugha alifundishwa na wanawake wa mashamba ya mkonge waliokuja kununua vitambaa mwisho wa mwezi, Wabena, Wanyakyusa, Wamakonde, kila mmoja na lafudhi yake, ndiyo maana mpaka leo akikasirika hujui anatoka wapi. Dilip alipofariki, ndugu zake walimshauri auze duka ahamie Dar es Salaam kwa jamaa. Hakwenda. Alimlea mwanawe Kalpesh palepale, na mji mzima ukamwita Mama Kalpesh. Wapo watu wazima ambao hawajui kama ana jina lingine.

Kilicholibeba duka lile miaka mingi ni mkaja. Nieleze, maana kuna wanaooa siku hizi bila kujua walichotoa. Upande wa mwanaume unapopeleka mahari, mama wa binti hupelekewa kitambaa chake, shukrani kwa tumbo lililombeba mtoto. Huo ndio mkaja. Kwetu, huku Korogwe na kule Handeni, mama yule hakutakiwa kuuona kabla ya siku. Shangazi wa bwana harusi alikuja dukani kimya kimya, kama mtu aliyefuata uzi na sindano. Sushila alimwingiza chumba cha nyuma, wakachagua. Kitambaa kilifungwa kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani, kikawekwa rafu ya juu, kikakaa hapo mpaka asubuhi ya safari, wageni wakapita kukichukua. Kilitakiwa kikafunguliwe mbele ya wanawake wote, na uso wa mama uonekane wakati huohuo macho yake yanapoona kitambaa.

Wanawake wa upande wa binti, bila shaka, walikuja kupeleleza.

"Mama Kalpesh, wale watu wa Handeni walipita hapa?"

"Watu wengi hupita hapa."

"Tunasikia walikaa sana chumba cha nyuma."

"Huko nyuma kuna upepo."

Walicheka, wakanunua leso moja ya kufichia aibu, wakaenda zao. Na siku watoto wa kiume wa kaka zao walipokwenda kuposa, walikuja kwa Sushila wao wenyewe, kwa sababu walijua hatasema. Desturi ile iliwasitiri maskini. Kitambaa cha bei ndogo kikifunguliwa ghafla mbele ya watu, mama hupiga kigelegele, na hakuna aliyepata nafasi ya kwenda kuulizia bei.

Basi hayo yalikuwa hayo. Kisha watu wakaanza kununua vitambaa kwenye simu. Mtu wa Kariakoo anatuma picha, mteja anatuma pesa, mzigo unakuja na basi. Msimu wa harusi mmoja nilikaa kwenye baraza la Sushila nikisoma gazeti kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na aliyeingia dukani alikuwa mbuzi. Sushila alikuwa akikunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Alikuwa anaogopa, na hofu yake haikuwa ya siku ile tu. Aliogopa kuwa yeye ndiye atakayelifunga duka ambalo baba mkwe wake alilifungua.

Ndipo akaingia Dimple, mke wa Kalpesh, msichana wa Moshi, mwepesi wa mikono na mdomo. Kalpesh mwenyewe muda mwingi yuko barabarani na mizigo. Dimple alikwenda kwenye semina ya wajasiriamali, akarudi amebadilika kama mtu aliyeokoka. Akafungua ukurasa wa duka mtandaoni. Akaweka taa nyeupe ya mviringo mahali palipokuwa na picha ya Dilip, na Dilip akahamishiwa juu ya mlango wa choo. Kila mteja akinunua, anapigwa picha, picha inarushwa.

"Watu hawanunui kitambaa, Mama," alimwambia mkwewe. "Wananunua mtu aliyekivaa."

Aliyemchochea zaidi alikuwa Castory, jirani mwenye nyumba ya wageni. Huyu alikuwa ameweka mtandaoni picha ya milima ya Usambara kana kwamba inaonekana kutoka dirishani kwake. Dirisha lake linatazama gereji.

"Mzungu mmoja aliniuliza, mlima uko wapi?" alitusimulia bila haya. "Nikamwambia leo kuna ukungu."

"Kesho yake?" nilimuuliza.

"Kesho yake alikuwa ameshaondoka, mzee. Biashara ndiyo hiyo."

Lazima nikiri kwamba vitambaa vilianza kutoka. Mzigo ulikwenda Handeni, Mombo, hata Same. Sushila akaiacha taa ile iwake. Alimwomba Dimple jambo moja tu, kwamba chumba cha nyuma asikiguse. Dimple akakubali, ila hakuelezwa kwa nini. Nadhani Sushila aliona kwamba jambo kama lile halielezwi. Mtu hulikuta akalifuata. Dimple amekulia kwingine. Hakulikuta.

Jumatano moja akaja Salome kutoka Kang'ata, shangazi wa kijana aliyemchumbia binti wa Mnyuzi. Walichagua kitenge cha zambarau chenye michirizi ya dhahabu, yadi sita, kitambaa kizuri kweli. Sushila akaenda uani kutafuta karatasi. Dimple alikuja nyuma kuchukua mkasi, akamkuta Salome amekishika, akamtandazia mabegani.

"Shangazi, hebu tabasamu. Aa, kana kwamba unaolewa wewe."

Salome alicheka, akatabasamu. Picha ikapigwa hapo hapo, Salome akidhani ni ya kumbukumbu tu, mkasi ukasahaulika. Chini yake Dimple akaandika: mkaja huu unaelekea Mnyuzi Jumamosi, wa kwako lini?

Sushila hakujua lolote. Simu yake ni ya kupigia tu. Alifunga kifurushi, akakipandisha rafuni, na Salome akarudi Kang'ata. Ijumaa mchana Castory akapita barazani na kikombe chake cha chai.

"Mama Kalpesh, ule mkaja nimeupenda. Zambarau inakaa vizuri kwa mtu mzima."

Nilimwona Sushila akishika ukingo wa kaunta. "Mkaja gani?"

"Si huo wa Mnyuzi? Dunia nzima imeuona."

Hakupaza sauti. Alimwita Dimple, wakaongea Kigujarati maneno machache, kisha wakageukia Kiswahili, kama wafanyavyo jambo linapowahusu watu wa huku.

"Nimeshaifuta, Mama. Haipo tena."

"Na walioiona, umewafuta?"

Mnyuzi wasichana wengi wanafuata ukurasa ule. Stefania, mama wa binti, ana mabinti wengine watatu na kila mmoja ana simu. Huenda wameiona. Huenda hawakuiona. Namna ya kujua haikuwepo, kwa kuwa kumuuliza Stefania kama ameona ni kumwambia kwamba kulikuwa na cha kuonwa. Sushila alilizunguka jambo lile mchana wote kama mtu aliyefungiwa chumbani. Alipima kitambaa cha mteja akakosea, akapima tena. Akitokea mtu barabarani kutoka upande wa stendi, anainua macho.

Alimpigia Salome. Simu haikupatikana, kule Kang'ata mtandao huja na kuondoka unavyotaka. Alipiga tena. Mara ya mwisho, haikupatikana vilevile, na nadhani uso wake ulionyesha nafuu kidogo. Maana angempata, angemwambia nini? Kwamba duka la Mama Kalpesh limetoa siri?

Kabla ya kufunga alikishusha kifurushi, akakifungua. Akakitoa kile cha zambarau, akakiacha mezani, akaenda kwenye sanduku la chini ambako huweka vitu asivyopenda kuviuza, akatoa kitenge cha kijani kibichi, kizito, kilichokizidi thamani cha kwanza kwa mbali. Alikifunga kwa karatasi ileile.

"Sasa hakuna aliyekiona," alisema. Mimi nilikuwa nimemshikia kamba afunge fundo.

Asubuhi ya Jumamosi watu wa Kang'ata wakafika na Noah mbili za kukodi. Baba mdogo wa kijana, mshenga, wanawake waliojipamba. Salome akapanda ngazi za baraza.

"Shikamoo, mzee. Mama Kalpesh, mbona uso umekusinyaa? Dimple hakupikii?"

"Ananipikia vyakula vya kwenye picha," Sushila alijibu, na watu wakacheka, naye akakosa pa kuanzia. Alimvuta Salome pembeni. Mshenga akawafuata akiuliza choo kiko wapi. Alipokwenda, baba mdogo akaita kwamba muda unakwenda. Sushila alikuwa amekishika kifurushi kwa mikono miwili na hakukiachia upesi.

"Kuna nini?" Salome alimuuliza.

"Kitunzeni," alisema. "Kifunguliwe na mama mwenyewe."

"Kwani tutakifungua sisi?"

Wakaondoka. Hakuwa na ujasiri wa kusema mbele ya wanaume wale, na alikuwa na jina ambalo hakutaka kulipoteza kwenye ngazi za duka lake mwenyewe. Saa zilizofuata hakula. Dimple alimletea chai, ikapoa, akaleta nyingine.

"Mama, ni kitambaa kizuri kuliko kile. Watafurahi."

"Ndiyo."

"Sasa unaogopa nini?"

"Sijui. Ningejua ningekuwa nimeketi."

Simu ililia mchana. Salome alizungumza chini chini, lakini alikuwa na hasira na sauti ikapenya mpaka nilipo.

"Mama Kalpesh, umetuua."

Stefania alikuwa ameiona picha, tena Alhamisi asubuhi. Mabinti zake walimwonyesha, wakaihifadhi kwenye simu zao. Alikuwa amefurahi, akaionyesha nusu ya kwaya ya kanisani, akatafuta kilemba cha zambarau, akaazima viatu. Alipofungua karatasi mbele ya wanawake akakutana na kijani, aliuliza kile cha kwenye picha kiko wapi. Salome, ambaye naye aliona kijani kwa mara ya kwanza, hakuwa na jibu. Kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ndiyo jibu lenyewe.

"Wanasema tumewaonyesha kizuri tukawaletea kingine," Salome alisema. "Mjomba wao amesimama anasema, kama wanaanza na kitambaa, binti yetu watamfanyia nini? Mazungumzo yamesimama. Tumekaa tu kama watu wa msiba."

"Lakini hicho ni cha thamani zaidi," Sushila alisema.

"Nani anajua hilo? Wana picha, Mama Kalpesh. Wanaishika mkononi."

Sushila aliikata simu. Akamwambia Dimple alete cha zambarau upesi. Dimple akabaki amesimama.

"Mama, kile kuna dada wa Mombo alikuwa amekiomba tangu aone picha. Nilipokikuta mezani asubuhi nikadhani wamekiacha. Nimeshakipeleka stendi."

Sijawahi kumwona mwanamke yule akikimbia, na hata siku ile hakukimbia, lakini Dimple alikimbia, kandambili zikamtoka njiani akaziacha. Basi la Lushoto, lipitalo Mombo, lilikuwa bado linapakia. Alirudi na mfuko wa rambo kifuani. Castory akatoa gari lake la kupeleka watalii, lenye picha za vinyonga na maporomoko ya maji ubavuni, tukaingia: Sushila, Dimple, na mimi, kwa kuwa si vizuri wanawake waingie kwenye kikao kilichoharibika bila mzee hata mmoja.

Njia nzima Sushila alikuwa akijaribu maneno kimya kimya. Midomo ilikuwa ikicheza. Tuliacha lami, tukapita kando ya reli, mashamba ya mahindi yamekauka pande zote mbili. Mara moja aliuliza, "Wakikataa kabisa, binti anabaki na nani?" Castory akaongeza mwendo.

Pale Mnyuzi wanaume walikuwa chini ya turubai wakitazama mbele. Pilau lilikuwa limefunikwa na halijaguswa. Watoto walilikimbilia gari wakiuliza kinyonga ni cha nini. Nilisalimia, nikapewa kiti, nikapewa maji, sikupewa maneno. Sushila aliingia nyumbani kwa wanawake na Dimple nyuma yake, pekupeku. Dirisha lilikuwa wazi, na hakuna aliyejifanya hasikilizi.

"Salome hana kosa," nilimsikia akisema. "Wala kijana. Aliyebadilisha ni mimi. Hakuna aliyenituma."

"Kwa nini, Mama Kalpesh?" Hiyo ilikuwa sauti ya Stefania, nzito, ya mtu aliyelia na kuacha.

"Kwa sababu ulikuwa umekwisha kukiona. Au niliogopa hivyo."

"Nilikiona, ndiyo. Kukiona kuna kosa gani?"

Nilimngoja amjibu. Alikuwa na jibu, nililijua, mimi mwenyewe ningeweza kulitoa kwa saa nzima. Yeye alisema tu, "Mkaja hauonwi kabla."

"Anasema kweli," bibi mmoja akadakia kutoka kona fulani. "Mimi wangu walinifungulia hapa hapa, moyo ukanidunda."

"Bibi, wewe ulifunguliwa kaniki," mmoja wa mabinti akasema, na wanawake wakacheka, kwa mara ya kwanza, na baba mdogo wa Kang'ata akashusha pumzi karibu nami.

"Mimi nilikaa na picha ile siku mbili," Stefania aliendelea. "Nililala nayo. Nikasema, hawa watu wananiheshimu, wametangaza mbele ya ulimwengu kwamba wananiletea kitu hiki. Halafu ninafungua, siyo. Ungekuwa wewe?"

"Ningeona nimedharauliwa," Sushila alisema.

"Haya."

Mfuko wa rambo ulichakarishwa. Nikasikia kitambaa kikitandazwa, kisha mabinti wakisogea, mmoja akisema weka simu karibu, mwingine akisema huo mstari wa dhahabu ndio huu, tazama. Walikilinganisha na picha, kona kwa kona, kama askari anavyomlinganisha mtu na kitambulisho chake.

"Ndicho," Stefania alisema.

Vigelegele vikapigwa. Mjomba aliyesimama akaketi. Mtu akafunua pilau.

"Na hiki cha kijani?" Salome aliuliza.

"Hicho kimeingia kwangu, kinatokaje?" Stefania akasema. "Mama Kalpesh, au unakirudisha?"

"Kibaki," Sushila alijibu. "Ni zawadi yangu kwa kukusumbua."

"Basi leo nina mama wawili wa bwana harusi." Wakacheka tena. "Na wewe binti, njoo hapa. Ile picha mbona umeitoa? Wenzangu wengine wa kwaya hawajaiona. Irudishe."

Nadhani Dimple alimtazama mkwewe kwanza. Kisha nikasikia sauti ya Sushila, ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mtu afunge mlango.

"Irudishe."

Tulipokuwa tukiondoka, jioni, Salome alitufuata mpaka kwenye gari. Hasira zilikuwa zimemtoka, alikuwa ameshiba, kilemba kimemlegea. Akaweka mkono dirishani.

"Mama Kalpesh, tumepona. Sasa sikiliza. Nina mtoto mwingine wa kaka, anaoa mwezi wa kumi, wale watu wa Mazinde. Safari hii tusihangaishane. Dimple atawatumia picha kwanza, mama wa binti achague mwenyewe, sisi tutalipia tu."

"Nitumie namba yake, shangazi," Dimple alisema, na simu ilikuwa tayari mkononi.

Salome akamgeukia Sushila, akamngoja, kwa heshima bado, kama watu walivyozoea kumngoja.

"Ni sawa, Mama Kalpesh?"

"Ongeeni na Dimple," alisema.

Castory akawasha gari. Alikuwa amefurahi sana. Alikuwa amegawa namba yake kwa vijana wa Mnyuzi na kuwaeleza habari za maporomoko ambayo sidhani kama yeye mwenyewe amewahi kuyaona.

"Leo umepata wateja, Mama Kalpesh," alisema tulipoifikia lami.

"Dimple ndiye aliyewapata," Sushila alijibu, akafunga kioo.